Titi la Kaijage

Sehemu ya sita

Nianze na yule bwana wa Muleba aliyenitumia ujumbe wiki iliyopita: "Mama mtu mzima, una wajukuu, titi la nini tena?" Bwana wewe, nakujibu mbele ya watu. Siku ukikatwa sikio nitakuuliza, na umri huo sikio la nini? Titi ni langu. Kaa kimya usome.

Kwa mliokosa gazeti niwapitishe upesi. Mimi ni Joviana, mjane, mkulima wa kahawa na ndizi huku Kaisho. Miaka mitatu iliyopita saratani ilinishika titi la kushoto. Likakatwa lote, nikapigwa mionzi. Baadaye ikaja kambi ya madaktari bingwa, wakanitengenezea titi jingine kwa kuingiza kifuko cha silikoni chini ya ngozi.

Mwaka mmoja nilitamba. Nilivaa gauni la kitenge lililonikaa, nikaenda kanisani nikakaa kiti cha mbele.

Halafu kovu la ndani likaanza kukibana kile kifuko. Titi likawa gumu, likapanda juu likakaribia bega. Nikawa silalii upande huo, sinyanyui ndoo, mjukuu akinirukia kifuani natoa machozi.

Mwezi huu kambi ikarudi. Dk. Najat akanipima, akasema atanifungua upya, alitoe lile kovu lote, abadilishe na kifuko chenyewe, aweke kipya. Nikapewa siku yangu, Alhamisi. Ijumaa asubuhi madaktari wanafungasha, na hakuna anayejua watarudi mwaka gani.

Sehemu iliyopita niliwaacha kwenye Jumatano asubuhi. Nafunga mzigo wangu wa hospitali, mkwe wangu Mackrine kaingia mbio uani, hana viatu, na mchi wa kinu mkononi.

"Mama, njoo! Wanauana!"

Waliokuwa wanauana ni wanangu. Kaijage, mkubwa, ndiye mume wa huyu Mackrine. Athanasi ni mdogo, hajaoa, ana maneno mengi na mikono laini.

Nikatupa mzigo, nikakimbia.

Marehemu mume wangu aliwagawia kibanja, shamba letu la ndizi na kahawa, kabla hajafa. Katikati akapanda milamula, ule mmea wetu wa mpakani. Huku kwetu ukiona mlamula umemaliza kesi, hata mwenyekiti wa kitongoji haitwi. Sasa milamula ile ilikuwa imeng'olewa na kupandwa hatua kumi ndani ya upande wa Kaijage. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Athanasi alikuwa ameegemea mgomba, shati limechanika, damu inamtoka puani. Kaijage amesimama mbele yake na panga.

"Umeng'oa mpaka wa baba! Leo nakung'oa na wewe!"

"Sijagusa mmea wowote! Kata basi! Kata kama wewe mwanaume!"

Hivi jamani, mtu ana panga usoni, anamwambia mwenzie kata? Ndivyo nilivyozaa mimi.

Panga likashuka. Athanasi akaruka kando, likaingia kwenye mgomba, mkungu mzima ukaporomoka chini. Kaijage akalichomoa, akampiga mdogo wake teke la tumbo. Athanasi akaokota jiwe akamrushia, likampata mdomoni. Kaijage akatema jino. Akalitazama pale chini, akainua panga tena.

Watu walikuwepo. Majirani sita, saba, wamesimama pembeni wameshika videvu. Nilishangaa wamefikaje haraka vile, ila haikuwa saa ya kuuliza.

Sasa nisikilizeni. Huku kwetu mama ana silaha moja tu. Akiona wanawe wanatafutana roho, anatoa titi nje mbele ya watu wote, analishika mkononi, anasema, kama ulinyonya hili, acha. Mtoto akikaidi hapo amejilaani mwenyewe, na laana hiyo hakuna padri wala mganga wa kuiondoa. Bibi yangu nilimwona akifanya hivyo, na wanaume wazima wakatupa fimbo wakalia.

Na kwetu kila mtoto ana titi lake. Kaijage alipokuwa mchanga alilikataa la kulia katakata. Alinyonya la kushoto peke yake miaka miwili, la kulia likajaa likaniuma mpaka homa. Ukoo mzima unaijua habari hiyo. Mashangazi zake walimtania nayo mpaka siku ya harusi.

Kwa hiyo nilipofungua blauzi, mkono haukusubiri kuulizwa. Ulishika la kushoto.

"Kaijage! Kama ulinyonya hili, weka panga chini!"

Majirani wakainamisha macho.

Kaijage akanigeukia. Mdomo umejaa damu. Akalitazama lile titi langu gumu lililokaa juu mahali pasipo pake, akacheka.

"Hilo? Hilo ni la plastiki, Mama. Titi langu walilichoma hospitali. Hilo halinijui."

Yamawe!

Leo natubu mbele yenu, nifiche nini. Nilipotoka kukatwa, Kaijage alikuja kunisalimia akakaa kimya nusu saa. Halafu akauliza, "Mama, titi langu wamelipeleka wapi?" Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Wamelitupa huko, unalitaka la nini na ndevu hizo?" Akainuka akaondoka. Tangu siku hiyo alianza kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, toka asubuhi. Akaanza kumpiga Mackrine. Akawa haogopi neno langu lolote, na mimi nikasema ni ujana, ni pombe, ni marafiki. Kumbe mtoto alijiona hana tena kitu cha kumfunga kwangu. Nilimjibu utani pale alipotaka jibu la mama. Kosa hilo ni langu.

Lakini pale shambani sikuwaza hayo. Nilipandwa na hasira, nikamwendea.

"Basi anza na mimi!"

Nikaushika mkono wenye panga. Akanisukuma. Nikaushika tena, nikamng'ata kidole. Akapiga ukelele, akavuta mkono kwa nguvu, akazungusha lile panga, na ubapa wake ukatua kifuani kwangu, kushoto.

Nilisikia kitu kimepasuka ndani. Maumivu yalichelewa kidogo, halafu yakaja yote kwa pamoja. Ile ngozi nyembamba iliyounguzwa na mionzi ikafunguka. Nikatazama chini, nikaona damu, na ndani ya damu kitu kizito kinachonata, mfano wa ute wa yai.

"Umempiga mama!" Mackrine akapiga kelele. "Umempiga mama yako, mbwa wewe!"

Mchi wa kinu ukatua kisogoni kwa mumewe. Ukatua tena begani. Kaijage akaanguka magoti, panga likamponyoka. Mackrine akainua mchi mara ya tatu, nikamwambia, "Acha, binti yangu, utamuua."

Kaijage akakitazama kifua changu. Damu inamchuruzika shingoni, hata haipangusi. Akainuka akayumba, akatokomea kwenye mibuni anatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Athanasi ndiye aliyeita bodaboda. Nikakaa katikati, kanga mbili zimenikaza kifua, Mackrine nyuma yangu amenikumbatia nisianguke. Athanasi akatufuata na pikipiki nyingine.

Hospitalini muuguzi wa zamu alikuwa Rukia, binti wa muuza vitambaa wa Rubwera. Ni mpole wa sauti, ila macho yake yanakuvua nguo.

"Shikamoo, mama. Imekuwaje?"

"Marahaba. Nimeanguka."

"Umeangukia nini?"

"Ndoo."

Akafungua kanga. Alama ya panga ilikuwa imejichora kifuani pangu, nyeusi, imenyooka mpaka kwenye ncha.

"Mama, ndoo hii ina mpini?"

Nikavuta kanga nijifunike.

"Kidonda nitakusafisha sasa hivi na sindano nitakuchoma, hilo halingoji karatasi. Lakini kesho kwenye chumba cha upasuaji hawakupokei bila PF3. Umepigwa na mtu. Nenda polisi wakupe fomu, umtaje."

Akamwita Dk. Najat. Mama yule ni mfupi, ana mikono midogo ya mtoto wa shule, lakini akikushika unajua umeshikwa. Akabonyeza huku na huku. Nikauma meno.

"Nani kafanya hivi?"

Nikatazama dari.

"Haya, usiniambie mimi. Ila nisikilize. Kifuko kimepasuka na ngozi imefunguka. Nikiweka kipya hapa nakaribisha usaha, kwa hiyo mpango wetu wa mwanzo umekufa. Kesho natoa kila kitu, nakwangua kovu lote. Halafu nachukua nyama ya mgongoni kwako pamoja na ngozi yake, naipitisha chini ya kwapa, naileta mbele, nafunga. Litakuwa titi la nyama yako mwenyewe, halitakuwa na plastiki hata chembe. Lakini ni kesho. Keshokutwa sipo, na kidonda kama hiki kwenye ngozi ya mionzi kikiachwa kinaoza, kinaweza kukuondoa. Umenielewa?"

"Nyama yangu mwenyewe, daktari?"

"Yako mwenyewe."

Nililia pale kitandani kama mjinga. Mackrine akanipangusa kwa pindo la kanga. Nilijua ninachotaka, na nilijua bei yake. Ili nipate mwili wangu, nimtoe mwanangu.

Kituoni tulimkuta afande Hanifu, mtu wa Tanga, mstaarabu, ana mwaka mmoja huku na Kinyambo, lugha yetu, hajui hata salamu. Akatuambia tusubiri kwenye benchi, anamalizia kesi ya ng'ombe.

Hatujakaa, Athanasi kaanza kuninong'oneza kwa Kinyambo.

"Mama, usimwonee huruma. Mtaje Kaijage. Panga, mama mzazi, mashahidi saba. Yule miaka mingi hatoki."

Mashahidi saba. Kawahesabu saa ngapi huyu?

Nikageuka nikamtazama vizuri. Pua imevimba, lakini macho yanang'aa. Nikaitazama mikono yake, na chini ya kucha palikuwa na udongo mwekundu. Athanasi hajashika jembe tangu kipaimara.

"Athanasi. Niangalie mimi. Milamula umeng'oa wewe?"

Akatazama mlango.

"Nakuuliza."

"Baba alimpendelea," akasema polepole. "Upande wenye kahawa yote alimpa yeye. Mama, nilijua akiona mpaka umesogea atakuja na panga. Wale majirani niliwaita mimi. Nilitaka anipige mimi mbele yao, akamatwe, basi. Sikujua wewe utaingia katikati."

Alilisema kama mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyomchelewesha. Mackrine alisikia yote. Akafumba macho.

"Ungekufa, je?" nikamuuliza.

"Kaijage ana nguvu, lakini shabaha hana."

Jamani, nimezaa nini? Mmoja kanipiga kwa mkono wake. Mwingine alilitega pigo tangu jana yake, akaita na watazamaji.

"Mama Joviana," afande akaita. "Sogea hapa. Aliyekupiga ni nani?"

Nikasogea. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi. Nikamwona Kaijage akiwa mchanga, amening'inia kushoto, analikataa la kulia. Nikaona jino lake pale kwenye majani. Nikasikia pumzi ya Athanasi nyuma ya sikio langu, anasubiri kwa hamu. Chuki ikanijaa.

"Athanasi," nikasema. "Ni huyu hapa."

Nasema tena msije mkadhani mwandishi kakosea. Nilimtaja ambaye hakunipiga.

"Mama!" Athanasi akaruka. "Mama unasemaje? Afande, huyu mzee maumivu yamempanda kichwani!"

Afande akamgeukia Mackrine. "Wewe ulikuwepo?"

Mackrine akanitazama. Ana watoto watatu wa Kaijage, wa mwisho ananyonya. Pamoja na kipigo chote anachokula kwa yule mwanaume, akamgeukia afande.

"Nilikuwepo, afande. Ni huyu."

Athanasi akamrukia. Alimshika Mackrine shingo akamgongesha ukutani, picha iliyotundikwa ikaanguka kioo kikatapakaa. Polisi wawili wakatoka ndani. Akampiga mmoja kichwa cha pua. Wakamwangusha, magoti mgongoni, pingu zikalia. Alikuwa anapiga kelele kwa Kinyambo, anasema ukweli mtupu, neno kwa neno, milamula na majirani na panga la Kaijage, na hakuna aliyemwelewa isipokuwa sisi wanawake wawili. Mackrine alikuwa anakohoa chini. Mimi nilikuwa nimeshikilia meza.

"Umempiga mama yako mzazi," afande alimwambia, "na mbele yangu bado unapiga watu. Ingia ndani."

Kama angetulia, labda afande angeuliza zaidi. Hasira zake zilimfunga kabla ya maneno yangu.

Nikapewa fomu, imegongwa muhuri. Nikatoka nayo nimeibana kwenye kidonda. Na niwaambie, mnihukumu mtakavyo, nilitoka nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha. Nilisema moyoni, Kaijage kapona, yule mjanja kakiona, na kesho napata titi langu. Usiku ule nililala usingizi mzito kwenye wodi ya wanawake. Asiyenipiga yupo macho mahabusu, mimi nakoroma.

Alhamisi saa mbili asubuhi Rukia akanivalisha gauni la kijani. Dk. Najat akaniketisha, akachukua kalamu ya wino, akanichora mgongoni.

"Nyama ipo ya kutosha," akasema. "Kahawa imekunenepesha."

Tukacheka. Wakaniwekea dripu, wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakanisukuma mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mwenye dawa ya usingizi akagonga gonga mkono wangu.

"Mama, nikianza kukuchoma, hesabu kuanzia kumi kurudi nyuma."

Hapo ndipo niliposikia mtu analia kwenye ujia.

Alikuwa Kaijage. Kitenge kimezungushwa kichwani, kimekauka damu. Uso umevimba, macho mekundu, miguu ina tope mpaka magotini. Afande Hanifu alikuwa amemshika mkono wa juu. Nyuma yao Mackrine, shingo ina alama za vidole.

Kaijage akaniona, akapiga magoti hapo hapo sakafuni.

"Mama, mimi ndiye niliyekupiga. Nimekwenda mwenyewe kituoni alfajiri nimesema. Kwa nini umemtaja Athanasi?"

"Nyamaza!"

"Kwa nini, Mama? Nifungwe mimi! Mimi ndiye!"

"Nimekwambia funga mdomo!"

Afande hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Nikajua. Polisi havui kofia kukuletea habari njema.

"Mama," akasema, "jana usiku mle ndani wenzake walimuuliza yule kijana kaingia kwa kosa gani. Mmoja alikuwa amesikia zogo letu pale kaunta, akawaambia. Unajua tena watu wa mahabusu. Wezi, wavunjaji, wote wabaya, lakini mtu aliyempiga mama yake hawamvumilii. Wakamziba mdomo na shati lake. Tulipofungua asubuhi..."

"Amekufa?"

"Tumemleta. Yuko hapo nje kwenye gari."

Kaijage akajipiga kichwa sakafuni.

Milango ya mwisho wa ujia ikafunguka kwa kishindo, wakaingia wanasukuma kitanda mbio. Daktari wa pale hospitalini alikuwa anakimbia kando, mkono juu ya tumbo la mgonjwa.

"Wengu umepasuka," akasema. "Tumbo limejaa damu. Nataka meza."

Dk. Najat akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Meza ni moja."

"Najua."

"Tukimpeleka hospitali nyingine?"

"Saa mbili kwa gari. Hana saa mbili, hana hata moja."

Nikakaa. Nikaishika ile sindano ya dripu nikaichomoa. Damu ikaruka kwenye gauni la Rukia.

"Mama, lala!" Rukia akanishika bega.

Dk. Najat akaniinamia, sauti chini. "Mama Joviana, nikikutoa hapa sijui leo kama nitakurudia. Kumpasua yule ni saa nyingi. Kesho asubuhi gari letu linaondoka, na kidonda chako..."

"Nimesikia."

"Nilikwambia kinaweza..."

"Daktari, nimesikia! Mwingizeni mwanangu!"

Nikashuka. Sakafu ilikuwa baridi, na bandeji ilikuwa imeshalowa. Vitanda vikapishana, changu kinatoka hakina mtu, chake kinaingia.

Sikumtambua uso. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho moja limefungwa kabisa. Lile jingine likanipata.

"Mama," akasema kwa Kinyambo. "Waambie siyo mimi."

Mlango ukafungwa.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Mimi siku ile niliujua mara mbili, na wote niliutengeneza mwenyewe.

Afande akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwenye ukuta. Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Mama, wewe na mkwe wako mmenipa jina moja. Huyu kanipa jina jingine. Akifa yule mle ndani, hii haitakuwa tena kesi ya kupigwa panga. Nitaulizwa alikuwa mahabusu kwa nini, na nani alimweka. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho. Niandike nani?"

Mackrine alikuwa ameegemea ukuta, mkono mdomoni, maziwa yanavuja kwenye blauzi kwa sababu mtoto wake hajanyonya tangu asubuhi. Nikisema ukweli, huyu naye kaingia, alisema uongo kwa ajili yangu. Kaijage alikuwa amenishika miguu yote miwili, analia kwenye magoti yangu.

"Sema mimi, Mama. Tafadhali. Sema mimi."

Nikaweka mkono wangu juu ya kile kitenge kichwani kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa kwa upole tangu aniulize lile swali lake.

"Andika mimi," nikamwambia afande.

"Wewe vipi, mama?"

"Aliyenipiga panga ni huyu niliyemshika. Aliyeng'oa mpaka ni yule mle ndani. Lakini aliyemtia yule mikononi mwa wale watu ni mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu, na huyu binti alinifuata tu kwa kuniogopa. Andika hivyo hivyo nilivyosema. Nipe niweke dole gumba."

Afande akaweka karatasi kwenye kile kitanda changu kitupu, akaanza kuandika. Aliandika polepole, anauliza herufi za majina yetu. Kaijage hakuachia miguu yangu. Mistari ile ya wino mgongoni ilikuwa imeanza kuwasha.

Alikuwa hajafika nusu ya ukurasa.

Upasuaji wa wengu hauishi kwa dakika kumi, hata mimi mkulima wa Kaisho najua hivyo. Mlango ukafunguka. Dk. Najat akatoka, anavua glavu.